Kubwa, Kongwe, Baridi Kuliko Zote: Rekodi za Benki za Sampuli

Mtoto aliyelelewa pwani zamani kidogo hahitaji kuelezwa mumiani ni nani. Ni mtu mwenye gari, mara nyingi gari la zimamoto, anayezunguka usiku akitafuta watu wa kuwanyonya damu. Kamusi za zamani zinasema neno lenyewe lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama utomvu, na hapohapo zinaongeza kuwa watu waliamini kimetengenezwa kwa damu ya binadamu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hiyo Kenya, Uganda na kwingineko, akayachapa kitabuni mwaka 2000. Hakuyacheka. Aliyasoma kama maneno ya watu waliokuwa wakiona damu yao inachukuliwa na hawaambiwi inakokwenda.

Namtanguliza mumiani kwa sababu makala hii ni ya rekodi za benki za sampuli, yaani majengo ambamo damu, mkojo, mate, vipande vya nyama na vinasaba vya watu huhifadhiwa kwa ajili ya utafiti wa afya. Nilipoanza kuziorodhesha nilichora jedwali la safu tatu: rekodi, mwenye rekodi, idadi. Sikufika mstari wa tano kabla ya kuongeza safu ya nne, ambayo imenipa kazi kuliko zile tatu: mwenye damu aliulizwa?

Kubwa, kwa kuhesabu nini?

Ukihesabu vipande vya mwili, ni vigumu kumpata wa kushindana na hazina ya jeshi la Marekani iliyoko Silver Spring, Maryland. Mizizi yake ni mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, pale mganga mkuu wa jeshi, William Hammond, alipowaagiza madaktari wa vitani wamletee mifupa na risasi walizozitoa kwa majeruhi. Leo kuna vioo vya hadubini takriban milioni 55 na vipande vya nyama vilivyozamishwa kwenye nta takriban milioni 35. Askari wale hawakuulizwa. Yuko mmoja tu ninayeweza kumwandikia "ndiyo" bila wasiwasi: Jenerali Daniel Sickles, aliyepoteza mguu kwenye mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, akaupeleka mwenyewe ndani ya kisanduku mfano wa jeneza dogo. Inasimuliwa kwamba baadaye alikuwa akienda kuutembelea, kama mtu anayekwenda kumjulia hali ndugu.

Ulaya, chuo kikuu cha tiba cha Graz nchini Austria kinajivunia sampuli takriban milioni 20. Ukihesabu watu badala ya vipande, Wachina wana benki ya Kadoorie, iliyoandikisha zaidi ya watu 512,000 kati ya 2004 na 2008. Wamarekani wana mradi wa askari wastaafu uliofikisha watu milioni moja Novemba 2023, na Waingereza wameanzisha mradi mwingine, Our Future Health, wenye shabaha ya watu milioni 5. Shabaha si rekodi, kwa hiyo nauacha hapo.

Ila ukiwauliza watafiti ni benki gani inayotumika kuliko zote, wengi watakutajia UK Biobank. Kati ya 2006 na 2010 iliwatumia barua watu takriban milioni 9.2 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 huko Uingereza, Scotland na Wales. Katika kila watu mia, watano au sita ndio walioitikia, na wakatosha: nusu milioni. Waliminya kifaa cha kupima nguvu za mkono, wakajibu maswali kuhusu chai wanayokunywa na magonjwa ya wazazi wao, wakatoa damu, mkojo na mate, wakatia saini kwamba sampuli zitumike kwa tafiti ambazo wakati ule hakuna aliyekuwa amezifikiria. Novemba 2023 jenomu nzima za karibu wote ziliwekwa mikononi mwa watafiti. Julai 2025 benki ilifikisha watu 100,000 waliopigwa picha za ubongo, moyo na mifupa, na hakuna mradi wa picha za mwili uliofika huko kabla.

Katika safu ya nne nimeandika "ndiyo", kisha nikaweka alama ya nyota. Mwaka huohuo wa 2023 gazeti la Observer liliripoti kwamba data za watu hao zilitumiwa pia na kampuni zinazofanya kazi na sekta ya bima, ilhali miaka ya mwanzo umma ulihakikishiwa kwamba kampuni za bima hazitafunguliwa mlango. Benki ilijibu kuwa data hazikuwa na majina na kwamba ridhaa iliruhusu utafiti wa afya. Huenda kisheria hoja hiyo inasimama. Lakini aliyeahidiwa hasomi ahadi kwa jicho la wakili. Anasoma alivyoelewa siku anatia saini.

Nyota ya pili ni ya wale ambao hawakuja. Takriban 95 katika kila 100 ya waliojitokeza ni Wazungu, na kwa jumla wana afya bora na kipato kikubwa kuliko jirani zao. Rekodi kubwa, basi, lakini ya kundi fulani la watu.

Chupa moja, kwa karibu

Kabla hatujaenda mbali, tuishike chupa yenyewe. Ni ndogo, ya plastiki, na kifuniko chake ni cha zambarau: rangi hiyo inamwambia mtaalamu wa maabara kuwa ndani kuna dawa inayozuia damu isigande. Damu ikishaingia, chupa hupinduliwa polepole mara nane au kumi. Ukiitikisa kwa fujo, chembe za damu hupasuka na sampuli imekwisha. Huwekwa kwenye kisanduku cha baridi, kisha kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi mpaka damu ijitenge. Juu hubaki plazma, ya manjano kama mafuta ya alizeti. Chini kabisa ni wekundu mzito. Katikati hukaa utando mwembamba mweupe, kama malai ya maziwa yaliyopoa, na huo ndio wenye thamani kubwa, kwa kuwa seli nyeupe zilizomo ndizo zinazotoa vinasaba.

Kila tabaka hufyonzwa peke yake, hugawanywa kwenye vichupa vidogo kuliko kidole, na kila kichupa hubandikwa msimbo wa mistari. Kisha nyuzi 80 chini ya sifuri, au kwa zile zinazotakiwa kukaa miongo, nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Msimbo ukibanduka, hata sampuli adimu kuliko zote huwa maji mekundu tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui methali nyingine inayofaa kuandikwa mlangoni mwa chumba cha mafriza.

Zilizonyamaza muda mrefu kabla ya kusema

Mwezi Septemba 1918 askari kijana wa Marekani alikufa kwa mafua kambini Fort Jackson, South Carolina. Kipande cha pafu lake kikatiwa kwenye nta na kupelekwa katika ile hazina ya jeshi. Kilikaa kabatini karibu miaka 80, mpaka Jeffery Taubenberger na wenzake walipokitafuta, wakasoma vipande vya vinasaba vya kirusi, na kuchapisha matokeo Machi 1997. Mafua yale yaliua mamilioni ya watu duniani, na hatimaye muuaji akaanza kupata sura.

Habari hizo zilisomwa na mzee wa miaka 72, Johan Hultin. Mwaka 1951, akiwa mwanafunzi kutoka Sweden, alikwenda Brevig Mission, kijiji cha Alaska ambako mwaka 1918 watu wazima 72 kati ya 80 walikufa ndani ya siku tano wakazikwa kaburi moja kwenye udongo ulioganda. Aliomba ruhusa kwa wazee, wakampa, akachimba, akachukua vipande vya mapafu, na maabara haikufanikiwa kuamsha chochote. Miaka 46 baadaye alimwandikia Taubenberger, akapanda ndege kwa fedha zake, akarudi kijijini. Akaomba ruhusa tena. Baraza likakubali. Pafu alilolikuta katika hali nzuri alilikata kwa makasi ya bustani ya mke wake. Alipomaliza kufukia aliona kwamba misalaba aliyoiona kaburini mwaka 1951 ilikuwa imeoza, akatengeneza mingine. Jenomu kamili ya kirusi ikatoka mwaka 2005.

Hii ndiyo hadithi niipendayo katika orodha nzima. Askari wa Fort Jackson, safu ya nne: hapana. Kaburi la Brevig Mission: ndiyo, mara mbili, na misalaba juu.

Nyingine katika karatasi zangu inatuhusu zaidi. Mwaka 1959, katika mji ulioitwa Léopoldville, leo Kinshasa, mwanamume mmoja alitolewa damu kwa ajili ya utafiti wa urithi wa damu usiohusiana kabisa na UKIMWI, ugonjwa ambao haukuwa na jina bado. Miaka ya 1980 watafiti walipima sampuli 1,213 za plazma zilizokusanywa Afrika tangu 1959. Moja tu ya zama hizo za mwanzo ilithibitika kuwa na VVU, nayo ni hiyo. Vinasaba vyake vilisomwa mwaka 1998. Baadaye kikapatikana kipande cha tezi kilichohifadhiwa kwenye nta Kinshasa tangu 1960, na mwaka 2008 timu ya Michael Worobey iliweka sampuli hizo mbili pamoja, ikapima jinsi zilivyotofautiana, na kukadiria kuwa kirusi kilianza kuenea kwa binadamu kati ya 1884 na 1924. Kichupa kimoja cha Kongo kikazima dhana nyingi zilizokuwa zikielea kuhusu UKIMWI kuanza miaka ya 1970 au 1980.

Kuna pia pafu la Berlin, la mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekufa kwa surua mwaka 1912. Lilikaa ndani ya formalini kwenye mkusanyo wa hospitali ya Charité hadi jenomu ya kirusi iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2020, jenomu ya surua kongwe kuliko nyingine yoyote iliyowahi kusomwa. Kwa kuilinganisha na ndugu yake sotoka, yaani ugonjwa ule ulioteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, watafiti walikadiria kuwa surua huenda ilitengana na ugonjwa wa ng'ombe tangu karne ya sita kabla ya Kristo. Mama wa mtoto yule aliulizwa? Nimeacha nafasi tupu.

Isiyokufa

Rekodi hii haina mshindani. Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alifika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 1951 akiwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alikata kipande cha uvimbe, kikapelekwa maabara ya George Gey, ambako seli za watu wengine zote zilikuwa zikifa baada ya siku chache. Zake hazikufa. Ziliongezeka maradufu kila siku moja hivi. Mwenyewe alifariki Oktoba 4, 1951, akiwa na miaka 31, na seli zikaendelea: zilitumika kupima chanjo ya polio ya Jonas Salk, na mpaka leo maabara nyingi duniani zinazo. Zinaitwa HeLa, herufi mbili za jina lake na mbili za la ukoo.

Hakuulizwa, na familia yake ilikuja kufahamu miaka ya 1970. Machi 2013 watafiti wa Ulaya wakachapisha jenomu ya HeLa bila kuwauliza jamaa, miaka 62 baada ya kosa la kwanza, kama vile hakuna aliyejifunza chochote. Agosti mwaka huo taasisi za afya za Marekani zikafikia makubaliano na familia: wawakilishi wao wakae kwenye kamati inayoamua nani aione jenomu hiyo. Agosti 2023 warithi wake walimalizana nje ya mahakama na kampuni ya Thermo Fisher. Masharti ni ya siri.

Miaka ya 1980 timu ya Harald zur Hausen ilikuta kirusi cha HPV-18 ndani ya seli hizo za Henrietta, na kazi hiyo ya kuunganisha HPV na saratani ndiyo iliyofungua njia ya chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Binti anayepanga foleni ya chanjo ya shingo ya kizazi shuleni ana deni dogo kwa mama huyo mzaliwa wa Virginia. Wengi wetu hatukuwahi kumsikia.

Tone la kisigino

Katika nchi nyingi tajiri mtoto mchanga huchomwa kisiginoni, matone machache yakakaushwa kwenye kadi ya karatasi nene, ili kupima magonjwa ya kurithi. Kipimo huisha siku chache, kadi hubaki. Denmark imezihifadhi tangu 1982, Sweden tangu 1975. Yaani karibu kila Mswidi aliyezaliwa baada ya hapo yumo ndani ya friza, na hakumbuki.

Septemba 2003 waziri wa mambo ya nje wa Sweden, Anna Lindh, alichomwa kisu dukani mjini Stockholm akafariki. Polisi walikwenda kuchukua sampuli ya mtuhumiwa kwenye benki hiyo ya kadi. Wananchi wakashtuka: walitoa damu ya mtoto kwa ajili ya daktari, si kwa ajili ya polisi, na wengi wakaandika barua wakitaka kadi zao ziharibiwe. Haukupita hata mwaka na nusu, Desemba 2004, tsunami ikaua Waswidi zaidi ya 500, wengi wakiwa likizoni Thailand. Sasa bunge likapitisha haraka sheria ya muda ili kadi zilezile zitumike kuwatambua maiti. Benki ileile, kadi zilezile, hasira na shukrani ndani ya kipindi kifupi namna hiyo. Sina rekodi nyingine inayonifundisha zaidi jinsi watu wanavyopima mambo haya: hawaogopi friza, wanatazama nani anashika ufunguo na anautumia kwa nini.

Texas inashika rekodi ya kinyume. Wazazi walishtaki baada ya kugundua kuwa kadi za watoto wao zilihifadhiwa kwa utafiti bila ridhaa, na ikabainika kuwa mamia yalifika maabara ya jeshi. Baada ya mapatano ya Desemba 2009, jimbo liliharibu kadi zaidi ya milioni 5. Watafiti wa magonjwa ya watoto walilia, na nawaelewa. Lakini kuuliza kungegharimu ukurasa mmoja wa karatasi, na huyo mama alikuwa palepale kitandani.

Nchi nzima

Iceland ilijaribu kuwa benki. Desemba 1998 bunge lilipitisha sheria ya kuweka rekodi za matibabu za wananchi wote, takriban 270,000, katika hifadhidata moja itakayoendeshwa na kampuni ya deCODE ya Kári Stefánsson. Aliyenyamaza alihesabiwa amekubali. Watu takriban 20,000 walijaza fomu za kujitoa. Kisha msichana mmoja akaomba rekodi za marehemu baba yake zisiingizwe, kwa sababu siri za urithi za baba ni zake pia, na Novemba 2003 Mahakama ya Juu ikampa haki. Hifadhidata ile haikujengwa.

Kinachonichekesha ni kilichofuata. Kampuni ilianza kuomba watu mmoja mmoja, kwa ridhaa ya maandishi, na zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi walijitolea. Waliokataa kuchukuliwa walikubali kuombwa.

Estonia haikupita njia hiyo ya mzunguko: ilitunga sheria yake mwaka 2000, na leo benki yake ina zaidi ya watu 200,000, kama mtu mzima mmoja katika kila watano. Na kwa benki iliyokufa mapema kuliko zote naitaja Tonga. Mwaka 2000 kampuni ya Australia, Autogen, ilitangaza mkataba na serikali ya visiwa hivyo wa kukusanya vinasaba vya wananchi. Makanisa na wanaharakati wakauliza kwa nini wenye vinasaba wamesikia habari hizo kwenye vyombo vya habari. Mradi haukuanza.

Fidia, kanuni na korongo

Wahavasupai wanaishi chini ya korongo kuu la Arizona, mahali pasipofikika kwa gari. Tangu 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo, kwa kuwa kisukari kilikuwa kinawamaliza. Mwaka 2003 mwanamke wa kabila hilo alikaa kwenye mhadhara chuoni hapo, akasikia matokeo yaliyotokana na damu hiyo, ambayo hayakuhusu kisukari kabisa. Ilibainika kuwa sampuli zilitumika kuchunguza skizofrenia, ndoa za ndugu kwa ndugu, na uhamaji wa mababu kutoka Asia, jambo linalopingana na imani yao kwamba wao ni watoto wa korongo lile. Walishtaki, na Aprili 2010 chuo kililipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha sampuli zilizobaki. Wamarekani wamewahi kulipana fidia kubwa kuliko hiyo kwa ajali za kawaida. Sijawahi kuona nyingine ambayo mlalamikaji alikuwa anadai damu yake.

Kwa Afrika, rekodi ya kwanza ya namna yake wanayo Wasan wa Afrika Kusini. Mwaka 2010 jenomu za wanaume wanne wa Kisan wa Namibia zilichapishwa, na viongozi wa jamii wakalalamika kuwa hawakushirikishwa. Machi 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wanaotaka kuwachunguza wazifuate.

Siku tano, wakati wa Krismasi

Hasara haihitaji uovu. Desemba 2023 mtiririko wa nitrojeni kwenye matangi 16 ya Karolinska mjini Stockholm ulikatika siku za sikukuu. Matangi yanaweza kustahimili siku nne. Yalikaa tano. Sampuli zilizokusanywa kwa miongo, nyingi za wagonjwa wa saratani ya damu, ziliyeyuka. Mwaka 2012 hospitali ya McLean huko Massachusetts ilipoteza au kuharibu bongo 147 friza lilipozimika, zikiwemo za watu wenye usonji. Kipimo cha nje kilikuwa bado kinaonyesha nyuzi 79 chini ya sifuri. Ndani zilikuwa saba juu ya sifuri.

Na kuna kuyeyuka kwa aina nyingine. 23andMe, iliyokusanya mate ya wateja takriban milioni 15, iliibiwa taarifa za watu milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Wateja waliotemea kichupa ili wajue asili ya babu zao wakajikuta ni bidhaa kwenye mnada.

Kwetu

Afrika ndiyo yenye vinasaba anuwai kuliko bara lolote, na ndiyo iliyosomwa kidogo. Mradi wa H3Africa, ulioendeshwa kati ya 2012 na 2022, uliacha benki tatu: Abuja, Johannesburg na Makerere mjini Kampala. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2020 ulisoma jenomu 426 tu kutoka makabila 50, ukakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Uganda ina pia mkusanyo wa watu 6,400 wa Kyamulibwa, wanaofuatiliwa tangu 1989. Muhimbili, Dar es Salaam, imewafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004 chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, moja ya makundi makubwa kabisa duniani ya ugonjwa huo katika kituo kimoja.

Lakini rekodi ya damu ya Mwafrika iliyorudi nyumbani ikiwa dawa anayo manusura wa Ebola wa Kikwit, Kongo, mlipuko wa 1995. Takriban miaka kumi na mmoja baadaye, kwa ushirikiano na Profesa Jean-Jacques Muyembe, alitoa damu tena, na kutoka katika seli zake kikapatikana kingamwili kilichoitwa mAb114. Mwaka 2018 na 2019 kilijaribiwa mashariki mwa nchi, Beni na jirani zake, ambako wagonjwa walielezwa kwa Kiswahili. Kiliidhinishwa Marekani Desemba 2020. Sampuli za Ebola za 1976 zilisafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai, na nyingi zilizofuata ziliondoka vivyo hivyo. Hii ilirudi.

Kilifi sasa. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome kipo pale tangu 1989, kikifuatilia afya ya watu wapatao 300,000, na mumiani amekifuata mpaka getini. Watafiti wenyewe wameandika kuhusu fununu: damu inauzwa, damu ni ya mashetani. Hawakuchapa mabango ya kukanusha. Waliwaomba wanakijiji wachague wawakilishi wao, wakatafsiri fomu za ridhaa kwa Kiswahili na Kigiriama, na badala ya mililita wakasema vijiko vya chai. Kijiko cha chai kila nyumba inacho. Mama anaweza kukitazama na kuamua.

Iliyobaki na jina la mtu mwingine

Mstari wa mwisho wa jedwali langu ni wa Newala. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na viungo kuuma ulizagaa uwanda wa Makonde, wagonjwa wakitembea wamejikunja. Damu yao ilipelekwa Entebbe, kwenye taasisi ya virusi, ambako R. W. Ross alikitenga kirusi. Ugonjwa ulipewa jina la Kimakonde, chikungunya, chenye kukunja. Kirusi kile kingalipo katika mafriza ya maabara nyingi ulimwenguni, kinatumika kulinganishia aina mpya, na kwenye lebo kinaandikwa Ross. Lugha ya Newala imo kwenye jina la ugonjwa, mtafiti yumo kwenye jina la kirusi. Katika mstari wa mgonjwa aliyetolewa damu, safu ya nne, nimeandika tarehe na mahali tu.